Pengo Nyuma ya Kalenda

Rukia mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, ukaniamkia shikamoo na mswaki mdomoni, kwa hiyo hapa siziandiki. Sasa hivi ni saa tisa na nusu, jua bado kali. Umekwenda Vingunguti kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua wifi yangu hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kulizwa mara tatu. Nina nafasi mpaka Magharibi. Nimefunika cherehani, nimekaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, na nimechana karatasi kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukiona nyuma yake pameandikwa "kiuno 34, mkono mfupi", ujue ni Mama Asha na gauni lake la arusi, usishangae.

Nimepanga uikute barua hii kwenye begi ukishafika Mpanda. Humu hamna habari za neti, wala za kuchemsha maji, wala za kutotembea peke yako gizani. Wewe ni muuguzi, umepangiwa kituo chako na wagonjwa wako, mimi ni nani nikufundishe kunawa mikono. Na isitoshe hayo yote nitakuwa nimeshakuimbia kesho alfajiri, tokea hapa Yombo mpaka stendi ya Mbezi, mpaka dereva anionee huruma. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumamosi, ukiwa umepiga magoti sebuleni na msasa mkononi. Uliniuliza, nami nikakujibu uongo. Sitaki ufike Mpanda na uongo ule.

Tangu siku ulipopata barua ya kazi ulisema huondoki mpaka umeniachia sebule ya kisasa. "Mama, hii sebule imechoka," ulisema. "Mtu akiingia tu anajua humu wanakaaga watu wa zamani." Nilicheka, lakini ulinichoma kidogo. Basi ukaanza. Televisheni ya chogo ukamgawia fundi redio. Vitambaa vyangu vya kufuma, vile vya kwenye makochi, ukavikunja vyote kumi na viwili na kuviweka kabatini kwa adabu, kama mtu anayezika. Pazia nzito ukaziteremsha, mwanga ukaingia mpaka nikaona vumbi nisilojua kama ninalo. Kuta ukazipaka rangi ya maziwa. Kikabaki kitu kimoja tu, ule mkanda wa mbao.

Umeuona tangu unatambaa. Unauzunguka ukuta wote wa sebule, usawa wa kifua cha mtu mzima, kahawia nzito inayong'aa. Tangu una akili zako hujaupenda. Ulitaka upakwe nyeupe kama ulivyoona kwenye simu, na fundi wa rangi akakwambia ile ya zamani ikwanguliwe kwanza, la sivyo nyeupe haitashika. Ukanunua thina na msasa, ukajifunga kilemba, ukaanzia pale karibu na mlango wa chumba changu.

Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nilikusikia ukikwangua na kuimba, kisha nikasikia umenyamaza. Nilijua umefika wapi. Sikuinuka mpaka uliponiita.

Chini ya kahawia kulikuwa na mninga, mwekundu, umetulia. Kipande cha pili kikawa mvule, wa manjano. Cha tatu kilikuwa na mistari myeusi. Kila kipande mbao yake, urefu wa futi moja na kidogo, na yale maungio ya mshazari ambayo ukipitisha ukucha hausikii kitu. Ulikaa chini kabisa sakafuni, unga wa mbao umekujaa kwenye nyusi. Ukasema, "Mama, sasa Baba alikuwa anawaza nini kuzifunika mbao kama hizi? Tena na rangi ya mlango wa choo!"

Nikasema, "Sijui, mwanangu. Baba yako na mambo yake."

Nikarudi kwenye mchele wangu. Nakumbuka niliuchambua upya wote, na haukuwa na chuya hata moja.

Ningeweza kuendelea kuvunga, nimeshazoea. Lakini jana ukaongeza neno. Ulisimama pale mlangoni unapukuta mikono, ukasema muda umekwisha, fundi wa rangi aje ukishaondoka aipake nyeupe juu ya vyote, kilichokwanguliwa na kisichokwanguliwa. "Kwanza Baba mwenyewe hakuzipenda hizi mbao," ukasema, "angezipenda asingezifanyia vile."

Ni mimi niliyepaka ile rangi, Rukia. Baba yako hakuigusa.

Sasa nikueleze, na sitajipendelea. Tulipohamia nyumba hii ilikuwa na bati na milango miwili tu, sebule haijapigwa hata lipu. Baba yako alikuwa fundi pale karakana ya Keko, na walikuwa na utaratibu wao: mbao ikishakatwa, kipande kisichofaa hata kwa mguu wa stuli ni cha yule aliyekikata. Wenzake waliwagawia mama lishe wakapikia. Baba yako alileta vyake nyumbani, kimoja kimoja, kwapani. Hakuleta ovyo. Kila kazi kubwa aliyoimaliza alichukua kipande kimoja tu cha kazi ile, akakipiga randa, akakikata mshazari, akakiunga na mwenzake ukutani. Cha kwanza kabisa, kile cha upande wa dirisha, ni mabaki ya kitanda alichotutengenezea tulipooana.

Alikuwa anavijua vyote. Huyu ni kabati la bibi arusi wa Mtoni. Huyu ni mlango wa msikiti. Huyu ni meza ya mwanasheria mmoja aliyekuwa hasemi, anaandika tu. Mgeni akija hapewi hata maji, anatembezwa kwanza ukutani. Kuna siku alileta kipande cha paini, nikamuuliza cha nini, akasema cha jeneza la mzee Kristofa wa mtaa wa pili. Nilipiga kelele, "Baba Rukia, unaniletea jeneza sebuleni!" Akasema, "Jeneza limeondoka na mwenyewe, Mama Rukia. Hiki kilikataa kwenda." Tulicheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Kipande kile kipo mpaka leo, kiko nyuma ya kochi refu. Umekiegemea miaka yote ukiangalia tamthilia zako.

Nilizipenda zile mbao. Niamini hilo. Nilikuwa navifuta vipande vile kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa.

Halafu akaja mama yako mkubwa. Unamjua dada yangu, ameolewa kwa watu wenye uwezo Kariakoo, na anaongea huku anacheka ili usipate pa kukasirikia. Aliuzungusha macho ukuta wote, akasema, "Mdogo wangu, sie siku hizi hata ukuta tunautia viraka?"

Lazima nikwambie kwa nini neno lile lilinimaliza. Darasa la tatu nilivaa sketi ya shule yenye kiraka nyuma, cha kitambaa kisichofanana. Nilikuwa nikisimama nimeegemea ukuta mapumziko yote ili wenzangu wasikione. Nadhani ndiyo maana nikaja kuwa mshonaji. Na dada yangu aliivaa sketi ile ile kabla yangu, kwa hiyo alijua vizuri neno lake linapiga wapi. Tangu siku hiyo nikiingia sebuleni sikuona tena mninga wala mvule. Niliona sketi yangu.

Mwaka ule ulikuwa na miaka mitano. Mfungo ulifika kumi la mwisho, na unajua kwetu huku, kumi la mwisho kila nyumba inanuka rangi. Mama yako mkubwa akatuma salamu kwamba Idd Pili atakuja kunitembelea na wakwe zake. Baba yako alikuwa Madale, kwenye nyumba ya tajiri mmoja aliyetaka kuhamia kabla ya Idd na milango haijaingia hata mmoja. Alilala huko huko saiti wiki mbili. Kabla hajaondoka alisimama pale kati ya dirisha na mlango wa chumba, akapima kwa futi yake nafasi iliyobaki, akaandika kipimo kwenye kiganja. "Kimebaki kimoja tu, Mama Rukia," alisema. "Nikirudi na Idd, mwisho unakutana na mwanzo."

Miaka saba alikuwa anauzungusha ule mkanda. Nililijua hilo. Usije ukanitetea moyoni ukasema mama hakujua.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji akaniuliza rangi ya nini, nikasema ya mbao za ukutani, akanipa kopo la kahawia, ile wanayopaka milango ya shule. Nilipaka siku mbili, kati ya Adhuhuri na Alasiri, nimefunga, kiu imenikausha koo, wewe umelala juu ya mkeka. Nilianza na mzee Kristofa. Sikumruka mtu. Kipande cha mwisho alichokuwa amekiweka, kile chekundu cha karibu na mlango wa chumba, ni mabaki ya kitanda chako, kitanda chako cha kwanza ulipohama kutoka kitandani kwetu. Nilipokifikia niliinua brashi, nikaishusha, nikaiinua tena. Kisha nikapaka.

Kwa hiyo Jumamosi, kati ya vipande vyote, ulianza kukwangua kitanda chako.

Baba yako alirudi siku mwezi ulipoandama. Nilisikia guta likisimama nje na sauti yake ikimwelekeza mwenye guta taratibu, taratibu. Juu yake kulikuwa na meza imefungwa magunia. Ni meza hii ninayoandikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nakatia nguo sakafuni kwa magoti, na yeye kule Madale, kila akishafuturu, alikuwa akiniungia meza kwa mabaki ya milango ya tajiri. Hakuniambia. Na kwapani alikuwa na kipande kimoja kimefungwa gazeti.

Aliingia, akasimama. Akainua mkono akagusa pale penye kitanda chako. Kwenye maungio rangi ilikuwa bado mbichi, ikamganda kidoleni. Akajifuta kwenye suruali.

"Umepaka peke yako?"

"Peke yangu."

"Na umefunga?"

"Nimefunga."

Akatazama tena, ukuta hadi ukuta. "Mkono wako umetulia," akasema. "Haina michirizi." Kisha akaniuliza meza aiweke wapi.

Ningependa angenitukana. Ningependa angelipiga teke lile kopo.

Na wageni je? Walikaa sebuleni dakika tano. Baba mkwe wa dada yangu alikuwa na pumu, harufu ya rangi ikamkaba, tukatandika mkeka uani na pilau ikaliwa chini ya kamba ya nguo. Hakuna hata mmoja aliyeuona ukuta. Mama yako mkubwa alisifu kachumbari.

Nilimngoja baba yako akipigilie kipande chake. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Siku moja nikajikaza nikamuuliza. Akasema, "Kitaonekana kiko peke yake." Angeweza kukipaka kahawia kama wenzake, lakini hakutaka. Alikilaza chini ya meza hii, juu ya zile mbao mbili zinazoshika miguu, na mimi nikatundika kalenda mbele ya pengo. Kila Januari nimetundika mpya.

Ulikuwa darasa la sita siku ile ya hitima ya bibi yako. Nyumba imejaa, watu wamekaa wanakunywa chai, wewe unapitisha sahani za vitumbua na mdomo wako hauna breki. Mtu mmoja akasifu milango aliyoitengeneza baba yako kwake. Ukasema, "Baba fundi wa watu tu huyo! Kwetu kapaka rangi ya choo cha shule, na pengo kaliacha, tunaficha na kalenda." Watu walivunjika mbavu. Baba yako ndiye aliyecheka kuliko wote. Katikati ya kucheka akanitazama mara moja, bila hasira yoyote, akaningoja. Ilikuwa kazi ndogo tu. Ningesema, "Ni mie huyo," watu wangecheka zaidi, na yangekwisha. Mimi nikauliza nani anaongeza chai.

Tangu siku ile ikawa ni utani wa nyumba. Baba na kahawia yake, Baba na pengo lake. Nawe ulikuwa unampenda, najua, utani ndio ulikuwa mkono wako wa kumshika. Lakini ulikua ukiamini baba yako hakuwa na jicho la kwake mwenyewe, kwamba uzuri aliuacha kwa wateja na sisi akatuletea uchovu. Na mimi nilikuwa naona ukiamini hivyo, nikakaa kimya, kwa sababu ukimya wangu ulinifanya nionekane mwenye nyumba nadhifu aliyeolewa na mtu asiyejali.

Naye simsafishi. Alinikosea kwa upole wake. Angefoka siku ile, tungegombana hadi Idd ingetuharibikia, na kabla ya funga ya sita kwisha tungekuwa tunakwangua wote wawili huku tukinuniana. Yeye akanyamaza, nami nikajificha ndani ya kunyamaza kwake kama chumba cha bure. Tuliishi vizuri, Rukia, sikwambii uongo mwingine. Tulicheka, tulilala, tulikulea. Lakini hakuwahi tena kumtembeza mgeni ukutani, na mimi ndiye niliyeona tofauti.

Miezi yake ya mwisho wewe ulikuwa chuoni. Alikuwa akiketi kwenye kochi refu, mkono wake unapanda juu ya bega na kidole kinatembea kwenye ile kahawia, kwenda na kurudi. Nilidhani ni maumivu. Siku moja nilikuwa nakunja nguo pembeni yake, nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Mvule. Mtiki. Mzee Kristofa." Alikuwa anawatambua kwa maungio, chini ya rangi yangu.

Nikaja mbele yake. Nikasema, "Baba Rukia, ile rangi."

Akasema, "Rangi gani? Nimeshaizoea."

Nikaichukua kama msamaha kwa sababu ilinifaa. Nimekaa nayo miaka mitatu hii tangu tulipomzika, nikiitoa na kuitazama kila nikikosa usingizi. Leo nadhani alikuwa amechoka tu na anataka uji wake. Sikuomba msamaha, na yeye hakuutoa. Nilisema "ile rangi", nikaishia hapo, nikaenda kuchemsha uji.

Namkumbuka, mwanangu. Sikwambiagi kwa sababu nawe una yako. Namkumbuka kwa mambo ya kijinga. Vumbi la mbao kwenye chupi zake nikifua. Penseli sikioni mpaka kwenye meza ya chakula. Namna alivyokuwa akigonga kitu chochote cha mbao kwa kifundo cha kidole akiingia nyumba ya mtu, hata msibani, kusikia ni mbao gani. Ningetoa makochi yote na ukuta wako wa maziwa nimsikie akigonga mlango huu mara moja.

Na kesho unaondoka wewe. Ulipokuwa chuoni ulikuwa unarudi kila mwisho wa mwezi na furushi la nguo chafu, kwa hiyo hukuwa umeondoka. Mpanda si ya furushi la nguo. Basi likishatoka Mbezi mimi nitageuza, nitarudi kwenye sebule ya kisasa ya mtu mmoja, nikae niitazame. Naogopa. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Ulipotoka tu mchana nilimpigia fundi wa rangi nikamwambia asije. Akasema, "Lakini mama, sista keshanipa maelekezo yote." Nikamwambia sista ana mama yake. Kisha nikaingia chini ya meza, na magoti yangu unayajua, nikakitoa kipande. Gazeti lilikuwa limeshakuwa unga. Nikakifuta na kanga. Ni mkongo, na kina mstari mmoja mweusi unaokata kutoka kona hadi kona. Nikakiweka pembeni ya meza, mstari ukaendelea, ukapita mezani mpaka huku ninapoandikia. Ulikuwa ubao mmoja. Alikata meza yangu, akakata na kipande changu.

Nikaitoa kalenda. Nikajaribu kukitia kipande pale, kikakataa. Nikadhani mbao imevimba, au kipimo cha kiganjani kilikosea. Kumbe ni rangi. Nilipopaka nilijaza hadi kwenye vichwa vya vile vipande viwili vya pembeni, kahawia ikakauka nene, na ndiyo iliyokuwa inakizuia. Kwa hiyo kama angetaka kukipigilia siku ile, kisingeingia mpaka akwangue mbele yangu. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi, nikakwangua kichwa hiki na kichwa kile. Nikakisukuma kwa kiganja. Kiliingia chenyewe, bila msumari, kikakaa.

Nilisimama katikati ya sebule nikauzungusha macho. Kitanda chetu, kisha mimi, kisha kitanda chako. Nililia kwa sauti, nikashukuru jirani hayupo.

Kisha nikakitoa. Nikakifunga kwenye kitambaa kimoja cha kufuma na kukiweka chini ya mashuka kwenye begi lako, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumalizia barua. Ningekwambia usimpe mtu akilete, ukilete mwenyewe likizo ya kwanza, pengo linakungoja. Niliona nimetunga. Ni hila nzuri, ingekurudisha, nakujua.

Nimekaa hapa nimeshika kalamu na kikombe cha chai kimepoa. Ninachofanya ni kile kile. Nakupa jambo zito ulisome peke yako, mbali, ambako huwezi kuniona usoni wala kuniuliza, na juu yake nakufunga na kipande cha mbao ili ushindwe kukasirika sana. Rangi nilipaka naye yuko Madale. Nami nataka kukwambia nawe uko Mpanda.

Basi nimekitoa begini. Barua hii naiacha juu ya meza ya kukatia, utaikuta ukirudi leo. Kipande kiko pembeni yake, na nyundo ya baba yako, na misumari minne. Soma. Ukimaliza, njoo useme utakachosema, hata kama ni kikali, hata kama kesho itatukuta bado tumenuna kwenye stendi ya Mbezi. Kaa nayo kadiri utakavyo. Vipande vilivyobaki nitavikwangua mwenyewe, kimoja kimoja, na ile nyeupe yako tutapaka jikoni siku utakayokuja kwa kupenda kuja.

Na mkono wako ukikubali, kipigilie kabla hujalala. Nataka kesho nikirudi niukute ukuta umezunguka.

Mimi nipo jikoni, Rukia. Sina mchele wa kuchambua.

Mama yako